Tulikotoka: Wimbo, Uamsho na Deni la Sare



Kamati ya yubile ilipotuomba tuandike historia ya kwaya, tulidhani kazi itakuwa nyepesi. Majina ya wenyeviti, walimu wa kwaya na wahazini tangu mwanzo yako kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Picha za safari, na ile ya kanda yetu ya kwanza, mtaziona katikati. Hayo yote ni historia na tunamshukuru Mungu kwa kila jina. Lakini tulipokuwa tukipekua vitabu vya kumbukumbu za mikutano, tulikutana na jambo dogo lililotusumbua. Ndilo lililotufanya tuandike kurasa hizi kwa namna nyingine.

Kitabu cha kwanza cha kumbukumbu ni daftari la shule, la aina ile iliyokuwa na jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Katika mwaka wa tatu wa kwaya, katibu wa wakati ule ameandika kwa kalamu ya wino kwamba kabla ya ajenda ya nne ndugu mmoja wa besi aliomba nafasi. Alisema kwamba alipotumwa kununua kitambaa cha majoho alibakiza shilingi 12 akazitumia nyumbani kwake, na Bwana amemsemesha. Akaziweka mezani. Katibu anamalizia hivi: Tukutendereza ikaimbwa, kisha mkutano ukaendelea na ajenda ya nne.

Tulicheka kidogo kwa jinsi ajenda ilivyoendelea. Kisha tukanyamaza. Hakuna kamati iliyoundwa kuchunguza. Hakuna aliyependekeza asimamishwe. Tena hakuna popote katika daftari lile ambapo jambo hilo linatajwa mara ya pili. Kijana mmoja wa sauti ya tatu alituuliza, kwa nini waliimba? Mtu amekiri wizi, mnaimba? Tulipeleka swali hilo kwa wazee waliokuwapo, nao walishangaa kwamba tunauliza. Mama mmoja aliyestaafu kuimba alitujibu kwa kifupi, "Wandugu walikuwa hivyo."

Basi wandugu hao ni akina nani, na walikuwaje hivyo?

Historia ya kanisa letu nchini kwa kawaida huanzia pwani, pale Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, akamzika mke wake na mtoto wao mchanga mwaka huohuo, halafu yeye na Johannes Rebmann wakafungua misheni ya Rabai mwaka 1846. Tunaiheshimu historia hiyo, na watoto wetu huisoma shuleni. Lakini shilingi zile 12 hazikutoka Rabai. Zilitoka Gahini.

Gahini ni kilima kando ya ziwa mashariki mwa Rwanda, ambako misheni ya Kianglikana ilijenga hospitali. Daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alifika hapo mwaka 1928. Wakati huohuo njaa kali ilipiga sehemu hiyo ya nchi, wagonjwa na wenye njaa wakamjia kuliko uwezo wake. Mwaka uliofuata alikuwa amechoka mwili na roho. Mnamo Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na kwenye kilima cha Namirembe, karibu na kanisa kuu, akakutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Nsibambi alikuwa mtu wa familia yenye mali na aliwahi kushika kazi ya serikali katika mambo ya afya. Wote wawili walikuwa na kiu moja. Waliketi pamoja na Biblia siku mbili, mmoja mzungu na mwingine mwafrika, wakatafuta ndani yake habari za kujazwa na Roho Mtakatifu, wakaomba. Kwa wakati ule, watu wawili wa namna hiyo kuketi sawa kwa sawa na kuombeana halikuwa jambo la kawaida, hata ndani ya misheni.

Wengi wakisimulia Uamsho huishia hapo kwa wawili hao. Sisi tunapenda zaidi habari ya mtu wa tatu, kwa sababu inafanana na ile ya ndugu yetu wa besi.

Yosiya Kinuka alikuwa msimamizi wa wafanyakazi wa hospitali ya Gahini. Hospitali ilikuwa na ugomvi mwingi. Wafanyakazi hawakuelewana, kazi haikwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Kinuka alisafiri hadi Kampala akamweleza Nsibambi mabaya yote ya hospitali. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba shida ya hospitali ile ilikuwa dhambi ndani ya moyo wa Kinuka mwenyewe. Ni neno gumu kuambiwa baada ya safari ndefu namna hiyo! Lakini njiani akirudi, ndani ya lori, Kinuka alimpa Kristo maisha yake. Alipofika Gahini alikiri makosa yake, akatengeneza mambo na watu aliowakosea. Hospitali ikaanza kubadilika.

Hivyo ndivyo Uamsho ulivyoenea. Mahubiri yalikuwapo, tena mengi, na vikundi vya watu vilitembea kijiji hadi kijiji. Mwisho wa mwaka 1933, katika kongamano hapo Gahini, mtu mmoja alisimama wakati wa maombi akaungama dhambi zake mbele ya wote, na wengine wakamfuata. Mwalimu Blasio Kigozi, ndugu mdogo wa Nsibambi, alilipeleka kanisa la Uganda neno moja la Kiganda, "Zukuka," yaani amka, akafariki kwa homa mwezi wa Januari 1936 akiwa bado kijana. Lakini majirani walioshawishika walishawishika hasa kwa kuona. Waliona mtu akirudisha jembe aliloiba miaka iliyopita. Waliona mwingine akienda ofisini kulipa kodi aliyoikwepa, na karani hajui pesa hiyo aiandike wapi. Waliona waliookoka, watu wa makabila yasiyokula pamoja, wakitia mkono katika sahani moja. Mume alimwomba mkewe msamaha watoto wakisikia. Baadhi ya wamisionari nao waliwaomba Waafrika msamaha kwa kiburi chao, na jambo hilo, wazee wanasema, liliwashangaza watu kuliko yote.

Walikuwa na msemo wao, kutembea nuruni. Waliutoa katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya kwanza. Maana yake ilikuwa kwamba hufichi jambo kwa ndugu yako. Ukiwa na neno naye, unamwendea kabla jua halijatua. Ukikosa, unasema.

Na hapa ndipo wimbo ulipoingia. Mtu alipomaliza kuungama, wenzake hawakumjibu kwa hotuba. Walimjibu kwa Tukutendereza Yesu. Maneno yake ni ya Kiganda, yaliyotafsiriwa kutoka wimbo wa Kiingereza, nayo yanamsifu Yesu Mwana-Kondoo kwa damu yake inayosafisha. Waliuimba kumpokea yule aliyesema ukweli. Ulikuwa njia yao ya kumwambia kwamba amesamehewa, karibu, tuendelee. Sasa kijana wetu wa sauti ya tatu atakuwa amepata jibu lake.

Mwaka 1937 kikundi kutoka Rwanda na Uganda kilikuja Kenya, kikahubiri Kabete. Kutoka hapo moto ulishika Kiambu, Murang'a na kwingineko, na kwa njia nyingine ukaingia Nyanza. Katika Gikuyu waliookoka waliitwa ahonoki. Mmoja wa viongozi wao, Obadiah Kariuki, aliwekwa wakfu kuwa askofu pamoja na Festo Olang' tarehe 15 Mei 1955 huko Namirembe, nao wakawa maaskofu Waafrika wa kwanza wa Kianglikana kutoka Kenya. Wimbo ulisafiri pamoja na watu. Uliimbwa kwa Gikuyu, kwa Dholuo, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, lakini neno lenyewe la Kiganda lilibaki mahali pengi. Ndiyo maana hata mtoto wa darasa la kwanza leo anaimba Tukutendereza, ingawa hajui Kiganda hata kidogo.

Tukisema ukweli kuhusu madeni, tuseme ukweli pia kuhusu wandugu. Hawakuwa malaika. Walisumbua. Waliimba usiku majirani wamelala. Wengine walihukumu kila asiyeungama kwa namna yao, hata mchungaji wake. Wengine walitaja mbele za watu dhambi zilizowahusu watu wengine, wakaleta aibu katika nyumba zisizokuwa zao. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, akiwemo William Nagenda ambaye baadaye alihubiri nchi nyingi. Waliendelea na maombi yao ya alfajiri na kukemea makosa ya wengine chuoni baada ya kukatazwa. Ukisoma habari hiyo leo unaweza kuwaonea huruma, unaweza pia kumwonea huruma mkuu wa chuo. Sisi tunadhani pande zote mbili zilikosa kitu. Lakini ni jambo la kushukuriwa kwamba wengi wa wandugu hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki katika viti vilevile, chini ya makasisi walewale, wakilea kanisa kutoka ndani. Kwaya nyingi za zamani, pamoja na yetu, zililelewa na watu hao.

Mtihani wao mkubwa ulikuja tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Tunaandika sehemu hii kwa uangalifu kwa kuwa katika viti vya kanisa letu wameketi wajukuu wa pande zote. Waliokwenda msituni walidai ardhi na uhuru, na madai hayo yalikuwa ya haki. Hatuwahukumu. Lakini kulikuwa na viapo, na ahonoki wengi walikataa kula kiapo. Walisema wamekwisha kunywa kikombe cha damu ya Kristo na hawawezi kuchanganya na kingine. Kwa sababu hiyo walipigwa, na wengine waliuawa. Watu husimulia nusu hiyo tu. Nusu ya pili ni kwamba wengi wao walikataa pia bunduki ya serikali. Walipotakiwa kujiunga na Homgadi ili wajilinde, walisema hawawezi kumwua mtu ambaye Kristo alimfia. Kwa hiyo walishukiwa na msitu na pia na kambi. Mtu wa namna hiyo hana pa kujificha usiku.

Kwa sisi waimbaji kuna jambo lingine la wakati ule linalofaa kukumbukwa. Wapiganaji nao waliimba, na nyimbo zao nyingi zilichukua sauti za nyimbo za kanisa zikatiwa maneno ya ardhi na uhuru. Askari aliyesimama mbali na kusikia sauti tu asingeweza kujua kama ni ibada au ni mkutano wa siri. Sauti ya soprano haikutosha kumtambulisha mtu. Aliyetaka kumjua mwimbaji ilimbidi aangalie jinsi anavyoishi.

Mwaka 1969 viapo vilirudi Mkoa wa Kati, safari hii nchi ikiwa huru. Tena wakawapo Wakristo waliokataa na kuumizwa, na makanisa yakapinga waziwazi. Wazee wachache wa parokia wanaikumbuka miezi ile vizuri, ila hawapendi kuizungumza, nasi hatukuwalazimisha.

Kwaya yetu ilizaliwa mikononi mwa watu waliopita humo. Hawakuwa na kinanda wala vipaza sauti. Mwalimu wa kwanza alitoa sauti kwa mdomo, akifundisha kwa do re mi ubaoni, na kila Jumamosi baada ya mazoezi waliketi dakika chache kuulizana kama yupo mwenye neno na mwenzake. Madaftari yanaonyesha kwamba mara nyingi alikuwapo. Kuna dada aliyeomba msamaha kwa kumwonea wivu aliyechaguliwa kuongoza wimbo wa Pasaka. Kuna mzee aliyekiri kwamba amemfungia jirani njia ya kwenda mtoni, naye aliahidi kuifungua. Njia hiyo ipo hadi leo na sisi sote huipita.

Kisha, mahali fulani katika daftari la sita au la saba, desturi hiyo inakoma. Hakuna siku iliyotangazwa. Mazoezi yanakuwa marefu, mashindano yanaongezeka, kwaya inarekodi, na nafasi ya mwisho ya Jumamosi inachukuliwa na matangazo ya michango. Ugomvi wa vipaza sauti, ambao wengi mnaukumbuka, umeandikwa katika mikutano mitano mfululizo. Mkutano wa tano unasema jambo litashughulikiwa. Halikushughulikiwa. Waimbaji wanane waliondoka, na baadhi yao waliimba Jumapili iliyofuata katika kanisa lingine ng'ambo ya barabara. Katika mikutano yote mitano hatukuona mahali hata pamoja ambapo mtu alisema, "Mimi nilikosa." Wala sisi tunaoandika hatukusema, nasi tulikuwapo.

Hayo tungeweza kuyaacha ndani ya vitabu. Lakini mwezi wa Februari, kwaya ilipokuwa sokoni kwa mkutano wa injili wa kutangaza yubile, tulimkaribisha fundi mmoja wa nguo aje kanisani. Ana cherehani yake chini ya mwavuli karibu na steji ya matatu. Hakutuma cherehani yake isimame. Alisema bila kuinua macho, "Nitakuja mkimaliza kunilipa."

Ilikuwa kweli. Sare zetu za sasa yeye ndiye aliyezishona, yapata miaka sita iliyopita. Tulimlipa nusu, tukaahidi salio baada ya harambee. Harambee ilifanyika ikafana. Salio lilisahaulika, mhazini akabadilika, na sisi tukaendelea kupita mbele ya mwavuli ule kila Jumapili tukiwa tumevaa kazi ya mikono yake. Kwa miaka sita mtu huyo amekuwa akihubiriwa na kwaya hii kwa mavazi yake mwenyewe. Anajua nyimbo zetu. Aliwahi kumwambia dada mmoja wa alto kwamba ile ya Krismasi anaipenda sana. Kinachomzuia kuja hakiko katika uimbaji wetu.

Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, mwaka wa yubile haukuwa mwaka wa keki. Ulikuwa mwaka ambao ardhi iliyouzwa ilirudi kwa mwenyewe na aliyejiuza utumwani akaenda kwao huru. Baragumu ilipigwa, ndiyo, lakini ilipigwa Siku ya Upatanisho. Tulisoma sura hiyo katika kamati, jioni moja, tukiwa na bajeti ya yubile mezani. Mstari wa kwanza wa bajeti ulikuwa sare mpya.

Mjadala ulikuwa mrefu na haukuwa mtamu. Wapo waliosema yubile huja mara moja na wageni watatoka parokia zote, tutaonekanaje? Wapo waliosema deni ni la kamati ya zamani. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye huwa hasemi, aliuliza kama fundi anajua tofauti ya kamati ya zamani na mpya. Baada ya hapo kura ilipigwa. Haikuwa kura ya wote, na waliokataa tunawaheshimu, maana walikubali kutembea na uamuzi.

Waimbaji wanane walioondoka wameandikiwa barua, kila mmoja kwa jina lake. Watatu wamejibu. Katika programu ya leo, kipengele kinachofuata maombi ya ufunguzi kimeachwa bila jina, na mgeni asidhani ni kosa la uchapaji. Ni zile dakika chache za zamani. Mwenyekiti atasimama kwanza kwa sababu ya vipaza sauti, na katibu atamfuata. Baada yetu nafasi iko wazi, na mwalimu wa kwaya yuko tayari na sauti ya Tukutendereza.

Kuhusu fundi, mhazini na katibu walimpelekea salio lake Jumanne ya juma lililopita. Alizihesabu mara mbili, akatuandikia risiti kwenye karatasi ya kiberiti kikubwa kwa kuwa hakuwa na kitabu. Risiti hiyo imebandikwa ndani ya daftari jipya. Hakusema kama atakuja leo. Aliuliza jambo moja tu, kwamba hizo sare za yubile tumezipeleka kwa fundi gani. Tukamwambia hatujashona nyingine, tutavaa zilezile. Akasema basi tumletee ile ya soprano iliyofumuka kwapani, aitie uzi kabla ya Jumapili.